Hizo Dell ziache kwanza, chukua laptopu iliyopasuka kioo

Mkuu, umeuliza kama zile Dell mbili za mezani zenye prosesa ya Core 2 Duo, ulizouziwa bei ya kutupa na ofisi iliyokuwa inahama, zinaweza kubeba tovuti ya shule ya shemeji yako ukiwa nyumbani. Halafu mwishoni kabisa ukaitaja ThinkPad T420 yako iliyopasuka kioo, kwamba unataka kuiuza spea. Usiiuze. Hiyo ndiyo seva yako, yaani mashine itakayowapa watu kurasa za tovuti.

Suala la nguvu tulimalize haraka. Tovuti ya shule ni kurasa chache, picha za mahafali na fomu ya kujiunga. Debian (mfumo endeshi wa bure) isiyo na madirisha, Nginx (programu inayotoa kurasa) juu yake, RAM ya GB 4 inabaki nyingi tu. Hata hizo Dell zinaweza, maana Core 2 Duo ni biti 64. Mwenye mashine ya biti 32 ndiye aliyeachwa, kwa sababu Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake.

Kinachoua seva za nyumbani huku kwetu ni umeme. Nilianza na Dell kama zako, Tabata. Nikanunua kile kipimo cha kuchomeka ukutani nikaona inakula wati 62 ikiwa imekaa tu haina kazi. Piga hesabu: saa 24 kwa siku 30 ni kama uniti 45 kwa mwezi. Nyumba yangu ilikuwa inatumia uniti 60 hivi, nipo kwenye tarifa ya wale wa chini ya uniti 75 kwa mwezi. Dell ikanivusha, na ukishavuka pale, kila uniti inayozidi bei yake ni zaidi ya mara tatu. Mama watoto ndiye aliyegundua, kwa sababu LUKU ananunua yeye. Nikahamia kwenye laptopu: ikiwa imefungwa mfuniko ilisoma wati 14, yaani uniti 10 kwa mwezi. Nikarudi chini ya 75 na amani ikarudi ndani.

Halafu kuna kukatika. Enzi za ile Dell nilikuwa Dodoma kikazi, umeme ukakatika Dar saa mbili nzima, uliporudi tovuti haikurudi. Nikampigia mdogo wangu, akabonyeza kitufe, feni ikavuma, taa ikawaka, tovuti bado. Nikamwambia aburute TV ya sebuleni achomeke waya wa VGA. Akanisomea kilichoandikwa: saa haijawekwa, bonyeza F1 kuendelea. Sasa F1 ya wapi? Kibodi nilishaitoa nikampa mtoto wa jirani, si seva haihitaji kibodi! Tovuti ililala chini mpaka niliporudi Jumapili. Tatizo lilikuwa betri ya CR2032, ile ya duara kama shilingi kwenye ubao mama. Ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ukikatika mashine inasahau saa, na inasahau pia ile seti ya kujiwasha yenyewe umeme ukirudi. Nilinunua mpya kwa 1,500. Ukiamua kutumia Dell hata kwa majaribio, badilisha hiyo betri kabla hujasakinisha chochote.

Laptopu ina betri yake, umeme ukikatika haijui. Hata ikishika dakika 40 tu inatosha kwa kukatika kwingi. Ila hiyo betri itazame: kama imevimba, itoe siku hiyohiyo, usiiache inachajiwa usiku na watu wamelala. Kioo kilichopasuka si tatizo, tumia TV wakati wa kusakinisha, kisha kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukiifunga inalala na seva yako inalala nayo. Ruta nayo inataka UPS yake ndogo ya DC, yaani betri ya akiba (soma volti nyuma ya ruta kwanza, nyingi ni 12). Mimi nilijisifu wiki nzima kwamba seva haizimi, kumbe ruta inazima.

Na bandika karatasi kwenye seva, kwamba isizimwe. Seva yangu ilichomolewa mara mbili ili pasi ipate soketi. Usione aibu: kompyuta ya NeXT aliyotumia Tim Berners-Lee kule CERN, seva ya kwanza kabisa ya wavuti, ilibandikwa karatasi ya kalamu nyekundu kwamba hii ni seva, msiizime.

Sasa hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Ukishamaliza, tovuti inafunguka nyumbani vizuri, ukimpa mtu wa nje haifunguki. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tazama IP (anwani ya namba) ya upande wa WAN, yaani upande wa intaneti. Ikianzia 100.64 mpaka 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani IP moja ya nje mnagawana wateja kibao, na hata ufungue poti zote za ruta (milango ya kuingilia kutoka nje) hakuna kitakachoingia. Kampuni yangu ya intaneti iliniambia IP ya peke yako ni ya wateja wa biashara. Nilipoteza wikiendi mbili kwenye poti kabla ya kuelewa hilo. Suluhisho nililobaki nalo ni Cloudflare Tunnel: unasakinisha programu yao ya cloudflared, yenyewe ndiyo inatoka nje kuunganisha, kwa hiyo hakuna kinachohitaji kuingia kupitia ruta. Ni bure, unahitaji domeni tu, yaani jina la tovuti. Wapo wanaochukia kwamba trafiki yote inapita kwa mtu wa kati, na wana hoja, ila kwa ratiba ya mitihani ya shule sioni siri ya kuficha.

Diski usiiamini. Sakinisha smartmontools, endesha smartctl -a ikifuatiwa na jina la diski (mara nyingi /dev/sda), tazama Power_On_Hours, saa ambazo diski imewaka. Yangu ilisoma saa zaidi ya 41,000, karibu miaka mitano ya kuwaka mfululizo, na ikafa mwezi wa tatu. Weka SSD (diski isiyozunguka) ya GB 120, na hiyo Dell moja iwashe Jumapili tu ivute nakala halafu izime. Kazi yake iwe hiyo.

Barua pepe za shule usiziweke nyumbani, zitaishia kwenye spamu. Wala malipo ya ada.

Leo ukipata nafasi fungua ukurasa wa ruta, niandikie namba mbili za mwanzo za hiyo IP, zile za kabla ya nukta ya pili. Nyingine usiweke hadharani.