Shangazi, nikisikia ufunguo mlangoni natetemeka

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nimeolewa, na kazini nasifiwa sana. Ripoti naisoma mara nne kabla ya kuituma. Utotoni, baba akirudi usiku na ufunguo ukigeuka kitasani, nilikuwa nakimbilia mlangoni kunyoosha viatu, maana kiatu kikikaa upande, mama ndiye aliyepigwa. Sijawahi kumsimulia mtu. Mwezi uliopita mume wangu alirudi mapema. Nikausikia ufunguo, nikajikuta nimepiga magoti napanga viatu, jasho linanitoka. Aliponiuliza nina nini, nikacheka. Niyafukue haya, au niyaache yalale?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeirudia, na kila mara nimekwama pale penye viatu.

Hayajalala hayo. Yangekuwa yamelala yasingekupigisha magoti. Ubongo una sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo hushtuka kabla hujapata hata nafasi ya kufikiri. Kwake, ufunguo wa baba na wa mumeo ni mlio mmoja.

Viatu havikuwa chanzo cha kipigo, mwanangu. Chanzo ni aliyeinua mkono. Lakini mtoto huona afadhali aamini kwamba akipanga kila kitu sawasawa nyumba itatulia, kuliko kukubali kwamba hana la kufanya. Imani hiyo ilikuwezesha kupata usingizi. Leo ndiyo inayokusomesha ripoti mara ya nne. Mwaka 1991 wanasaikolojia wa Kanada, Hewitt na Flett, walitenganisha ukamilifu ambao mtu anajidai mwenyewe na ule anaoamini kwamba wengine wanamdai. Naona wako ni huo wa pili, na aliyekuwa akikudai hayupo tena mlangoni.

Kuyafukua, ndiyo, ila si kwa siku moja wala peke yako. Tafuta mwanasaikolojia aliyesomea tiba ya kiwewe. Zipo tiba ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2013, mojawapo ikiwa EMDR, ambapo unalikumbuka tukio huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu. Aliye mzuri hatakuharakisha. Atakufundisha kwanza kujituliza.

Mimi nilipoanza kwenda kwa mshauri, nilikuwa naandaa maelezo daftarini usiku kucha, nionekane mgonjwa mwema. Siku moja akaniomba nilifunge daftari. Nikanyamaza muda mrefu, kisha nikalia. Hapo ndipo tulipoanza kazi.

Usiku wa leo mwambie mumeo jambo moja tu: kwamba mlio wa ufunguo unakutisha tangu utotoni. Mwombe abishe hodi kabla ya kufungua. Mengine yatafuata ukiwa tayari.

Na kiatu kimoja kiache upande hadi asubuhi. Ukishindwa kuvumilia, amka ukinyooshe, kisha kesho ujaribu tena.