Waendee Majirani Kabla ya Kikao: Ushauri kwa Wanaotetea Makazi ya Vibarua wa Mashambani

Anayetaka kujenga makazi ya vibarua wahamiaji wa mashambani hukutana na upinzani mapema kuliko anavyotarajia, na mara nyingi upinzani huo hutoka kwa watu wasiokichukia kilimo hata kidogo. Hujivunia mashamba yanayouzunguka mji wao, hula mazao yake, na hukiri waziwazi kwamba bila vibarua hakuna mavuno. Wanachokataa ni vibarua hao kulala jirani nao. Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi na kamati zinazotetea makazi ya aina hii katika jimbo la California nchini Marekani, na jambo moja limenithibitikia: uamuzi unaotangazwa mwishoni mwa kikao cha hadhara cha tume ya mipango, inayoamua kama kibali cha ujenzi kitolewe, huwa umeshajengeka muda mrefu kabla yake, katika mazungumzo ya majirani wenyewe kwa wenyewe. Anayesubiri siku ya kikao ndipo ajieleze huwaeleza watu waliokwisha kuamua.

Ni vyema kwanza kuelewa kwa nini maombi ya makazi haya yameongezeka. Viza ya H-2A, iliyopata sura yake ya sasa kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1986, humruhusu mkulima kuleta vibarua kutoka nje kwa msimu, kwa sharti kwamba awape malazi bila malipo na kuwasafirisha bure kati ya malazi na shamba. Katika mwaka wa fedha wa 2022 serikali ya Marekani iliidhinisha zaidi ya nafasi 370,000 za kazi chini ya utaratibu huo. Kila nafasi inahitaji kitanda mahali fulani. Kitanda hicho kisipojengwa, mwajiri hutafuta nyumba ya kupanga mjini, hoteli iliyochakaa au trela, kwa kuwa sheria haimruhusu kumleta mtu asiye na pa kulala.

Ukishapata kiwanja, usingoje tangazo la mamlaka ya mipango liwafikie majirani kwa barua. Barua hiyo huandikwa kwa lugha ya kisheria, hutaja idadi ya vitanda na namba ya kiwanja, na humwachia msomaji ajaze mengine kwa hofu yake. Nenda mlango kwa mlango, ukiwa na ramani na mchoro wa majengo, na ikiwezekana uongozane na mtu ambaye mtaa unamfahamu na kumheshimu. Nenda kusikiliza kuliko kuhutubia. Andika kila pingamizi kama lilivyosemwa, kisha rudi na jibu la kila mmoja, hata kama jibu lenyewe si lile alilotaka.

Katika kusikiliza huko utagundua kwamba pingamizi ziko za namna mbili, na kila namna inahitaji njia yake. Ziko zinazohusu majengo na matumizi ya ardhi: maji, majitaka, barabara, kelele, moto. Ziko pia zinazohusu watu watakaoishi humo, ingawa aghalabu huvikwa vazi la zile za kwanza. Kosa ninaloliona kwa watetezi wengi ni kudhani kwamba pingamizi zote ni za namna ya pili, na hivyo kumjibu anayeuliza kuhusu kisima chake kana kwamba ametoa tusi. Mtu huyo akidharauliwa mara moja huwa mpinzani wa kudumu, na huwa na haki ya kulalamika.

Nakumbuka mama mmoja mtu mzima, jirani wa kiwanja tulichokuwa tukikitetea, aliyekuwa mpinzani mkali kuliko wote. Alizungumza kwa ukali kuhusu kila kitu, lakini kila mara alirudia kisima chake, kwa sababu kilishawahi kupungua maji wakati wa ukame. Tulimwomba mhandisi wa maji aende nyumbani kwake, akapime kina cha kisima, akamweleze umbali utakaokuwepo kati yake na mfumo wa majitaka, na amwachie matokeo kwa maandishi. Kisha mwenye shamba akakubali kwamba kisima hicho kipimwe kila msimu kwa gharama zake, na sharti hilo liandikwe ndani ya kibali. Mama huyo hakugeuka kuwa mtetezi wetu, wala hatukumwomba awe. Alikwenda kwenye kikao akasema kwamba swali lake limejibiwa, akaketi, na maneno yake yalikuwa na uzito kuliko hotuba zetu zote. Sisitiza, basi, kwamba ahadi iingie katika masharti ya kibali, kwa sababu ahadi ya mdomo haimbani atakayenunua shamba baadaye.

Kuhusu magari, majirani hufikiria kwamba vitanda mia moja ni magari mia moja. Waeleze kwamba vibarua wa H-2A kwa kawaida hawana magari, na kwamba husafiri kwa basi la mwajiri. Lakini usiishie hapo, kwa maana basi lenyewe ni tatizo la kweli: huondoka kabla ya alfajiri, na dereva hupenda kuliacha likinguruma huku akisubiri abiria. Kubalianeni litasimama wapi na kwamba injini itazimwa. Ni jambo dogo kwenye karatasi, ila kwa anayelala umbali mfupi kutoka hapo ndilo linaloamua kama atawachukia majirani zake wapya.

Kuhusu msongamano ndani ya mabweni, beba viwango vyenyewe. Kanuni za serikali ya shirikisho ya Marekani kuhusu kambi za muda za wafanyakazi hutaka kila mlalaji apate angalau futi 50 za mraba katika chumba cha kulala, bafu moja la manyunyu kwa kila watu kumi na choo kimoja kwa kila watu kumi na watano, na makazi ya H-2A hukaguliwa kabla watu hawajahamia. Kwa maoni yangu viwango hivi ni vya chini mno, na mtetezi mwenye dhamiri anapaswa kudai zaidi ya hapo. Nimeona kwamba majirani wenyewe hushtuka wakipimiwa futi 50 sakafuni, na wengine huanza kudai nafasi kubwa zaidi kwa ajili ya vibarua.

Pingamizi za namna ya pili ni ngumu zaidi. Utasikia kuhusu uhalifu, kuhusu wanaume wengi wasio na familia zao, kuhusu sura ya mji kubadilika. Usijibizane na msemaji mbele ya watu. Zungumza na tume ya mipango kabla ya kikao, uwakumbushe kwa heshima kwamba kazi yao ni kuamua matumizi ya ardhi, na kwamba sheria ya haki katika makazi ya mwaka 1968 inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi na asili ya taifa. Uamuzi unaoegemea chuki ya wakazi unaweza kuipeleka halmashauri mahakamani, na maneno yote ya kikao huingia katika kumbukumbu rasmi. Wanasheria wa halmashauri hulijua hili vizuri, na mara nyingi ndio watakaoiongoza tume irudi kwenye hoja.

Ijue pia sheria ya jimbo lako kuliko wapinzani wako. Hapa California, makazi ya wafanyakazi wa kilimo yasiyozidi vitanda 36 katika mabweni, au nyumba 12 za familia, huhesabiwa kisheria kuwa sehemu ya kilimo chenyewe, na halmashauri haiwezi kuyadai kibali maalumu ambacho haikidai kwa shughuli nyingine za kilimo katika eneo hilo. Hata hivyo, sikushauri ujifiche nyuma ya sheria ukaacha kuwaendea majirani. Katika mji mdogo wa Nipomo, hapahapa California, mwaka 2016, nyumba iliyokuwa ikijengwa kwa ajili ya vibarua wa mashambani iliteketezwa kwa moto uliowashwa makusudi, baada ya majirani kuupinga mradi huo. Kibali halali hakikuizuia kuungua.

Lipo jambo moja ambalo wapinzani mara nyingi wako sahihi, na ni vibaya kulikwepa. Mwajiri anapopanga nyumba za kawaida mjini na kuzijaza vibarua, anaweza kulipa kodi ambayo familia moja haiwezi kuimudu, na familia zinazosukumwa nje mara nyingi ni za wafanyakazi wa mashambani walioishi hapo miaka mingi. Nimewasikia akina mama wa familia hizo wakizungumza vikaoni kwa uchungu, wakapachikwa jina la wabaguzi na watu wasiojua kwamba wao wenyewe huchuma stroberi. Wasikilize hawa kuliko wote. Hoja yao ndiyo hoja nzuri kupita zote ya kujenga vitanda vipya, na wakishirikishwa tangu mwanzo husimama upande wa mradi.

Jihadhari na maafikiano yanayosema, “Jengeni, lakini kule mbali.” Huonekana ya busara, na tume iliyochoka huyapokea kwa furaha. Lakini kiwanja kilicho mbali na zahanati, duka na kituo cha basi humfanya kibarua amtegemee mwajiri kwa kila kitu, hata kumwona daktari, na viza inayomfunga kwa mwajiri mmoja tayari imemnyima uhuru wa kutosha. Wala kukataa kabisa hakuwaondoi watu. Katika mkoa wa Huelva nchini Hispania, unakolimwa stroberi kwa ajili ya masoko ya Ulaya, vibarua wahamiaji wameishi kwa miaka katika vibanda vya plastiki na mbao chakavu, bila maji wala umeme. Philip Alston, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu umaskini uliokithiri, alipowatembelea mwaka 2020 alisema hali yao inashindana na mabaya zaidi aliyoyaona popote duniani.

Usitegemee pia kwamba huruma itakufanyia kazi. Mnamo Januari 2023, baada ya watu saba kuuawa kwa risasi katika mashamba mawili ya mji wa Half Moon Bay, California, Marekani nzima iliona jinsi baadhi ya wafanyakazi wa huko walivyokuwa wakiishi, na viongozi wakaahidi makazi bora. Hata hivyo mradi wa nyumba 40 kwa ajili ya wazee waliofanya kazi mashambani, katikati ya mji huohuo, ulikwama kwa hoja za urefu wa jengo na maegesho, gavana wa jimbo akaukemea mji hadharani, na idhini ikapatikana mwaka 2024. Huruma ilikuwapo, ila haikuwa na jibu la swali la maegesho.

Vibarua wenyewe wapewe nafasi ya kusema, lakini kwa uangalifu. Omba kikao kisipangwe katika kilele cha mavuno, na uulize mapema kuhusu mkalimani: wengi hapa huzungumza Kimixteki au Kitriki, lugha za wenyeji wa asili wa Meksiko, na mkalimani wa Kihispania hawasaidii. Usimsukume mwenye viza ya msimu atoe ushahidi mbele ya mwajiri wake. Wapo waliokwisha kupata ukaazi na waliopitia mabweni hayo zamani. Hao wanaweza kueleza bila hofu maana ya kulala vizuri kabla ya siku ya kuinama shambani.

Kibali kikishatolewa, kazi haijaisha. Hakikisha kila jirani ana namba ya simu ya msimamizi wa makazi, na kwamba anayeipokea ni mtu mwenye mamlaka ya kuzima muziki, kumwita fundi wa majitaka au kumwonya dereva usiku huohuo. Panga mkutano wa majirani, msimamizi na wawakilishi wa vibarua mwishoni mwa msimu wa kwanza, uende na orodha ya masharti ya kibali, na yasomwe moja baada ya jingine ili kila mtu aseme lililotimizwa na lisilotimizwa. Mwenye shamba atakapoomba vitanda zaidi, kumbukumbu za mkutano huo ndizo zitakazosomwa kwanza.