Kabla Hujaandika Methali ya Siku: Kwa Walimu Wapya wa Zamu

Jumatatu iliyopita nilisimama nyuma ya mstari kama kawaida yangu. Mwalimu wa zamu, kijana wetu ambaye hajamaliza hata miezi miwili tangu aripoti, alikagua kucha na sare, akaimbisha wimbo wa Taifa, akatoa matangazo, kisha akageukia kibao cha methali ya siku na kusoma kwa sauti kubwa: "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Shule nzima ikaitikia mara tatu. Darasa la nne wakageuka, macho yote yakamwendea binti mmoja aliyehamia kwetu siku nne kabla. Binti akainama kutazama miguu yake. Nadhani alikuwa anatafuta kamba.

Najua mwalimu hakukusudia. Baadaye ofisini nilimuuliza methali ile ameitoa wapi, akanionyesha simu. Aliitafuta kengele ikiwa imeshapigwa, akachukua ya kwanza aliyoiona. Nina mwaka wa 22 kazini, na jambo hilihili nimeliona kwa walimu wa mazoezi, kwa ajira mpya, na hata kwa waliohamia kwetu wakiwa na uzoefu. Wadogo zangu, andalio la somo mnaliandika vizuri kuliko tulivyoliandika sisi wakati ule. Methali ya siku mnaijaza kama mnavyojaza idadi ya mahudhurio, na ndiyo kitu pekee ambacho kila mtoto wa shule hii, tangu awali hadi la saba, anakisikia siku hiyo kutoka kinywani mwako.

1. Ichague usiku.

Mimi huichagua nikishasahihisha daftari la mwisho. Naiandika kwenye kijidaftari changu, nalala nayo, asubuhi natembea nayo. Kutoka kwangu hadi shuleni ni dakika 35 kwa miguu, na sina muda mtamu kuliko huo kwa siku nzima. Wiki iliyopita nilitembea na "Mtaka cha mvunguni sharti ainame". Miaka yote nimeifundisha kama methali ya bidii: unataka kitu, kubali taabu yake. Nilipofika kwa mama wa vitumbua nikamkuta ameinama anapuliza moto, nami nikamkumbuka bibi yangu kule Pangani, akipiga magoti kuvuta sanduku lake la bati mvunguni mwa kitanda. Mle ndani mlikuwa na kanga za akiba na hereni mbili. Sasa, mvunguni mwa kitanda chako kuna nini? Kuna kile ulichokiweka mwenyewe. Methali ile ikanigeukia palepale njiani: mtu huinama pia ili afikie hazina aliyokwisha kuwa nayo. Niliingia darasa la tano siku hiyo nikiwa na furaha ambayo mshahara haujawahi kunipa, nikawauliza watoto kila mmoja ana nini mvunguni, na kipindi kikaisha mikono bado iko juu.

Kijidaftari nilichonacho sasa ni cha saba. Siku ninapochoka na kazi hii, na siku hizo zipo, huwa nakifungua popote tu na kusoma ukurasa mmoja.

2. Yajue maneno yake.

Niliwahi kuwauliza walimu watatu wapya kibaba ni nini katika "Haba na haba hujaza kibaba". Mmoja akanijibu ni baba mdogo. Kibaba ni kipimo cha nafaka, na vibaba vinne ni pishi moja. Watoto wetu hawajawahi kukiona. Wanajua sado na debe. Basi chukua kopo na mahindi, waache darasa la pili wadondoshe punje mojamoja mpaka kopo lijae, hutahitaji kueleza tena. Vivyo hivyo "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani". Ukiisoma huku bara bila kusema kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini yanakokusanyika maji ya kukumbwa, watoto wanaimba sauti tupu.

Kuyajua maneno ni nusu tu. Kuna mwaka nilikuwa naifundisha "Mchumia juani hulia kivulini". Nilikuwa tayari kabisa kueleza kwamba hulia hapa ni ya kula: umechuma juani, unakwenda kulia chakula chako kivulini kwa raha. Nikamwinua kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa pamba, anipe maana. Akasema, "Mtu akichuma juani, mwisho wake analia kivulini." Darasa likaangua kicheko. Nikawanyamazisha, nikamwambia aeleze. Akasema, "Baba alichuma pamba juani. Walipomaliza kupima kwenye mizani akaenda kukaa chini ya mwembe. Akalia."

Hakuna aliyecheka tena. Nilimweleza maana inayokubalika, kwa sababu mtihani wa darasa la saba utaiuliza hiyo. Lakini nilimwambia pia kwamba alichokisema ni kweli, na nikakiandika kwenye kijidaftari kama alivyokisema. Miaka mingapi nimewaimbisha watoto wa wakulima methali ile bila kutazama ni nani aliyekaa pale kivulini!

3. Usimpige mtoto kwa methali.

Hili nitalieleza kirefu kwa sababu nililitenda mimi.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, katika shule nyingine. Nilikuwa zamu. Kijana wa darasa la sita alichelewa Jumatatu, akachelewa Jumanne, akachelewa Jumatano. Alhamisi alipoingia getini, mstari umeshakaa, shati lake limelowa kifuani, mimi nilikuwa nimeshachemka. Sikumchapa, na kwa kuwa sikumchapa nilijiona nimetumia hekima. Nilimwita mbele, nikafuta methali iliyokuwapo kibaoni na kuandika nyingine: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nikamwambia aisome wenzake wasikie.

Akasoma, "Asiyefunzwa na mamaye," akanyamaza. Nikamwambia aendelee. Akaanza tena, akaishia palepale. Wanafunzi wakaanza kucheka, nami sikuwakataza. Mara ya tatu akaimaliza, kwa sauti iliyoshuka mpaka nadhani niliyemsikia ni mimi peke yangu. Nikamrudisha mstarini, nikaendelea na matangazo.

Saa nne, wakati wa uji, kiranja wa afya alikuja mlangoni mwa ofisi. "Shikamoo mwalimu. Yule mama yake haamki." Sikumwelewa. "Haamki kitandani tangu Krismasi. Yeye ndiye anachota maji, anamwogesha, anampikia uji, ndiyo anakuja shule."

Nikakumbuka lile shati lililolowa.

Jioni niliwafuata kwao. Chumba kimoja, sakafu imefagiwa, kikombe kimefunikwa kwa kisahani pembeni ya kitanda. Mama alikuwa amelala ubavu. Aliponiona alijaribu kuinuka, nikamsihi asijisumbue. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Ahsante sana, mwalimu. Mwanangu kaniambia leo umemchagua asome mbele ya shule nzima." Alikuwa anatabasamu.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. Tukatazamana. Nikamjibu mama, "Alisoma vizuri." Sikuweza kusema zaidi ya hapo.

Aliichukua aibu niliyompa, akamfikishia mama yake ikiwa habari njema. Mtoto wa miaka 12. Na mimi, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, ndiye niliyeandika kwa chaki kwamba hakufunzwa.

Usiku ule sikulala. Ijumaa nilimwambia mwalimu mkuu kwamba nataka kumwomba radhi kijana mbele ya mstari. Alisita. Akasema mwalimu akiomba radhi mstarini hataweza tena kuwaongoza. Nikamwomba mara ya pili, akaniruhusu. Safari hii nilimuuliza kwanza mwenyewe, faraghani, chini ya mti. Akakubali, kwa sharti moja: "Mwalimu, usiwaambie mama anaumwa." Kwa hiyo Jumatatu niliwaambia wanafunzi kwamba nilimwonea mwenzao, kwamba methali ile haikuwa yake, na kwamba amefunzwa na mamaye kuliko wengi tuliosimama pale. Basi. Na tukakubaliana na mwalimu wake wa darasa kwamba aingie wakati wowote atakaofika, bila kuulizwa.

Methali ile naifundisha darasani, kwa sababu ipo kwenye lugha na ipo kwenye mtihani. Kwenye kibao cha mstarini sijaiandika tena, na uwezo wa kuwaongoza watoto sikuupoteza.

4. Zikipingana, furahi.

Mtoto atakuuliza: jana ulisema subira huvuta heri, leo unasema ngojangoja huumiza matumbo, tushike ipi? Usimkaripie. Muulize ni lini alingoja akapata, na ni lini alingoja akakosa. Utapata kipindi kizuri kuliko ulichokiandaa.

5. Isome kutoka upande wa anayeangukiwa.

Hapa ndipo ninapowaomba mkae kidogo. Mwalimu Nyerere, mwaka 1962, alipokuwa anaeleza maana ya ujamaa, aliitumia methali "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe". Wengi wetu tunaisoma kutoka upande wa mwenyeji: amekaa vya kutosha, sasa alime. Yeye aliongeza kwamba kwa kawaida mgeni mwenyewe angeliomba jembe kabla hajapewa, maana angeona haya kukaa bure. Maneno ni yaleyale, lakini mgeni tayari amepata heshima yake. Fanya hivyo kila usiku unapochagua. Jiulize kesho saa moja na nusu asubuhi, kati ya wale watoto 600, methali hii itamwangukia nani, na huyo angeisomaje.

6. Mengine madogo.

Andika kwa herufi kubwa, watoto wa nyuma hawaoni. Usirudie methali ndani ya muhula mmoja. Ijumaa waachie darasa la saba wachague wao. Usieleze maana mstarini kwa zaidi ya dakika moja, jua linawachoma. Andika methali yako kwenye kitabu cha zamu, ili anayekufuata asiirudie. Ukisikia mzee sokoni au kwenye daladala anasema methali usiyoijua, muulize. Hakuna mzee aliyewahi kuninyima.

Sasa wewe kijana wa Jumatatu, ambaye nimekuandika bila kukutaja na unajijua. Zamu yako inaisha Ijumaa. Nimepita kibaoni mchana huu, kuku mgeni bado yupo pale. Yule binti anakaa dawati la nyuma karibu na dirisha, na mapumziko ya jana alikula peke yake. Usiku huu kaa na "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Itembee kutoka kwako hadi shuleni, umfikirie yeye, ufikirie ni nini hasa ambacho darasa la nne walikuwa wanaumwa kabla hajaja. Kifutio kiko juu ya meza yangu. Chaki nimekuwekea nyeupe na ya njano.