Kabla ya dawa, brashi

Mwaka wangu wa kwanza kwenye chumba cha endoskopi tulikuwa na mpira mmoja wa kamera, ule unaoingizwa tumboni kuangalia ndani, na foleni ya asubuhi ilifika wagonjwa tisa. Niliamini dawa ndiyo inayosafisha. Mpira ukitoka tumboni nausuuza haraka, naulaza kwenye beseni la glutaraldehidi, dawa ya kuua vijidudu, namwita anayefuata.

Siku moja sista mkuu wa chumba alichukua mpira niliokwisha kuutoa kwenye dawa, akapitisha brashi ndefu kwenye njia yake ya ndani. Ikatokea upande wa pili na utelezi wa kahawia. Hakunigombeza. Aliilaza juu ya shashi nyeupe, akaniacha niitazame, na mgonjwa wangu kashalalia ubavu wa kushoto akisubiri.

Glutaraldehidi hugandisha protini. Damu na ute vikibaki ndani, dawa huvikaza humo humo na vijidudu vikapona chini yake. Kwa hiyo wenzangu, anzeni pale pale kitandani: futa mpira, vuta maji ya sabuni kabla uchafu haujakauka. Pima kama unavuja. Ng'oa vali zote, piga brashi kila njia mpaka itoke safi. Mwaka 2015 hata hospitali za Los Angeles zilipata bakteria sugu kupitia mipira ya njia ya nyongo, ambayo ncha yake ina kona ngumu kusafisha.

Baada ya hapo ndipo dawa: asilimia 2, dakika 20 kwa saa ya ukutani, dirisha wazi. Ipime nguvu kwa karatasi yake ya kupimia kila siku. Ikifeli, mwaga, hata kama siku 14 za kuitumia hazijatimia.

Maji ya tangi yanaweza kurudisha vijidudu, hivyo suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyochujwa au yaliyotakaswa. Pitisha spiriti ya asilimia 70, puliza hewa, ning'iniza. Msiurudishe kwenye sanduku ulilokuja nalo, nawasihi. Sponji yake haitakasiki.

Yote hayo kwetu huchukua karibu saa nzima. Tulimwandikia mganga mfawidhi hesabu hiyo, akakubali tupime watano kwa siku. Ndugu wa mgonjwa wa sita wakilalamika, natoka mwenyewe nawaeleza saa ile inakwenda wapi, kisha nampa mgonjwa wao namba ya kwanza ya kesho.