Mkuu, usipande jukwaani na projekti ya studio

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza kama prodyuza wa muziki wa kielektroniki aanze kupiga laivu au ajikite studio, na kama atafute meneja. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba shoo yako ya kwanza utafungua projekti (mafaili ya kazi ya programu ya muziki) kama zilivyo, plagini zote, yaani programu ndogo zinazotengeneza na kupamba sauti, zikikokotoa palepale, kwa sababu kuna mtu kakwambia kupiga sauti zilizokwisha kurekodiwa ni utapeli.

Nami niliambiwa hivyo hivyo, na jamaa mwenye video chungu nzima za kufundisha. Baadaye nikagundua hajawahi kupiga mbele ya watu wasio ndugu zake.

Nikabeba projekti nzima nzima. Nyumbani ilikuwa inateleza, maana nyumbani kompyuta ikilemewa unaongeza bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakiandaa kwa mkupuo mmoja, na maisha yanaendelea. Jukwaani unataka bafa ndogo: sampuli (vipimo vya sauti) 128 kwa 44.1 kHz, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, ni kama milisekunde 3, ukibonyeza kinanda sauti iko hapo. Ila prosesa nayo inapewa milisekunde hizo hizo 3 kukokotoa kila sinthi (ala ya kielektroniki) na kila mwangwi. Ikichelewa chembe, sauti inapasuka. Yangu ilianza kukaanga vitumbua wimbo wa pili tu. Feni inavuma, taa zinaichoma kompyuta, na joto likizidi prosesa hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, kwa hiyo mambo yakazidi kuharibika.

Kwa akili zangu nyingi nikapandisha bafa hadi 1024. Ukibadilisha bafa sauti hukatika kwanza. Ukumbi kimya. Mtu mmoja akapiga makofi akidhani wimbo umeisha, nikainama kumshukuru. Ningefanyaje? Sauti iliporudi, kila noti ilinifikia zaidi ya milisekunde 23 baada ya kidole, nikawa nashindana na ngoma zangu mwenyewe. Kisha programu ikajifunga. Ilipofunguka, DJ anayenifuata alishachomeka waya zake, na aliyenialika hajapokea simu yangu tena. Huyo ndiye aliyekuwa akialika wapigaji kwenye kila ukumbi niliokuwa nautamani.

Sasa sikiliza. Kila wimbo ugeuze kuwa sauti: ngoma faili lake, besi lake, sinthi lake, sauti za waimbaji lake. Kompyuta kucheza mafaili ni kazi nyepesi mno. Acha kitu kimoja tu hai mkononi, sinthi moja au filta, hicho ndicho ukicheze kwa moyo wote. Anayekuita tapeli mwambie aje ashike kompyuta yako ikiganda. (Na besi usiitanue kulia na kushoto. Kumbi nyingi zinapiga mono, yaani sauti ile ile moja kwenye spika zote; pande mbili zikiunganishwa inaweza kufutika.)

Ukiona karaha, baki studio, si aibu. Burial, prodyuza wa London, aliteuliwa kuwania Mercury Prize, tuzo ya albamu ya huko Uingereza, mwaka 2008 na wala si mtu wa majukwaa. Ila ukienda, usiende na projekti mbichi. Narudia: USIENDE NA PROJEKTI MBICHI.

Leo fungua ile nzito kuliko zote, weka bafa 128, izungushe saa nzima huku unachezea vitufe ovyo kama mwenye kiwewe. Ikipasuka hata mara moja, anza kugeuza mafaili. Isipopasuka, taja hiyo kompyuta hapa, nije niinunue.