Wodi ya njiti Njombe, au mshahara wa Dar?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi wa stashahada, nina miaka 29, na niko mwaka wa nne katika hospitali binafsi hapa Dar es Salaam. Sina wodi yangu. Leo niko upasuaji, kesho wagonjwa wa nje, keshokutwa nasindikiza mgonjwa kwenye gari. Mshahara kabla ya makato ni 950,000. Nimepanga chumba na sebule Mbagala kwa 150,000, na nauli inafika 70,000 kwa mwezi kwa sababu zamu ikiisha usiku napanda bodaboda. Mama yuko Korogwe, namtumia 100,000 kila mwezi. VICOBA nina marejesho ya 85,000, imebaki miezi mitano.*

*Sasa nimeitwa na hospitali ya misheni mkoani Njombe. Wana wodi ya watoto wachanga, na wananitaka niwe humo. Mshahara ni 680,000, pamoja na nyumba ndani ya uzio wa hospitali. Shangazi, tangu nipangiwe chumba cha njiti, wale watoto waliozaliwa kabla ya wakati, nikiwa mwanafunzi, sijapenda kazi nyingine kama ile. Lakini mama amekasirika, anasema hajawahi kusikia mtu anaondoka Dar kwenda kupunguziwa mshahara. Mchumba wangu yuko hapa Dar na hajasema ndiyo wala hapana. Wanataka jibu ndani ya wiki mbili. Nifanyeje?*

*Sista wa Mbagala*

*Nimesahau: huwa nafanya zamu nne kwa mwezi kwenye zahanati ya jirani, wananipa 35,000 kwa kila zamu.*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako kwa makini, na kitu cha kwanza nilichokiona ni hicho ulichokisahau. Tutakifikia.

Tuanze na pesa, maana mama yako ameshika tofauti ya 270,000 na wewe pia inakutisha. Hiyo ni tofauti ya kwenye karatasi. Kwenye 950,000 unakatwa NSSF asilimia 10, yaani 95,000, na kinachobaki, 855,000, ndicho kinachotozwa kodi ya mshahara. Sehemu ya mwanzo ya 270,000 haitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, na kinachozidi hapo kwako wewe ni asilimia 25. Jumla ya kodi inakuja 91,750, na unabaki na 763,250. Fanya hivyo hivyo kwa 680,000: NSSF inachukua 68,000, kodi 38,400, unabaki na 573,600. Kwa hiyo mkononi tofauti ni 189,650. Kipande cha mshahara unachokiacha Dar ndicho kile ambacho serikali ilikuwa inakikata zaidi.

Ukitoa pango la 150,000 na nauli ya 70,000 ambavyo Njombe hutalipa, utaona kama vile Njombe ndiko kwenye pesa nyingi. Watu wengi wangeishia hapo na kukupongeza. Lakini zile zamu nne za zahanati ni 140,000 kila mwezi, na kule unakokwenda hakuna zahanati ya jirani inayotafuta nesi wa kuziba pengo. Ukizirudisha kwenye hesabu, Dar unabakiwa na 683,250 baada ya pango na nauli, na Njombe 573,600. Kwa hiyo utapungukiwa na karibu 110,000 kila mwezi. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea mama yako, na ndiyo namba ya kulala nayo.

Sasa angalia marejesho ya VICOBA. Ni 85,000, na yanaisha baada ya miezi mitano. Yakiisha, pengo lako, ukilinganisha na unachobakiwa nacho leo baada ya marejesho, linabaki kama 25,000, na viazi, maharage na unga wa Njombe vitalifunika. Uzito wote uko kwenye miezi mitano ya mwanzo. Na miezi hiyo inaangukia mahali pabaya, kwa sababu sheria ya ajira ya mwaka 2004 haimlindi dhidi ya kuachishwa isivyo haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Utakuwa mgeni, una deni, na kinga yako ni ndogo. Kwa hiyo usipande basi bila akiba ya 550,000 isiyoguswa, ambayo ni 110,000 mara tano. Sehemu yake unaweza kuipata unapoondoka: siku za likizo ya mwaka ulizozichuma bila kuzitumia zinapaswa kulipwa mkataba unapokoma. Zidai kwa maandishi, pamoja na cheti cha utumishi. Waajiri wengi hukaa kimya usipouliza.

Hapo nimemaliza upande wa pesa ya mkononi. Kuna kadi ya bima. Hukusema kama mama yako yumo kwenye bima unayolipiwa kazini sasa. Kama yumo, na ana presha au sukari kama wamama wengi wa umri wake, basi kadi hiyo ni mshahara wa pili. Uliza Njombe kama wanawaandikisha wategemezi, na kama mzazi anahesabiwa. Wakisema hapana, hesabu yangu ya juu inabadilika, na usiniamini tena mpaka uifanye upya.

Sasa nije kwenye wodi yenyewe, ambako ndiko moyo wako uliko, na ambako wangu pia ulikuwa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu.

Unasema wanakutaka uwe wodi ya watoto wachanga. Nani kasema, na kaandika wapi? Nakuuliza hivi kwa sababu naijua hospitali ndogo. Wauguzi ni wachache, wodi ya wazazi ikielemewa metroni, yaani mkuu wa wauguzi, anavuta mtu popote, na mgeni asiye na mume wala watoto pale ndiye anayevutwa kwanza. Baada ya miezi mitatu unaweza kujikuta wagonjwa wa nje, unapima presha, kwa 680,000. Hapo utakuwa umeacha pesa bila kupata kile ulichoiachia. Wewe huendi Njombe kwa sababu ya Njombe. Unakwenda kwa ajili ya chumba kimoja chenye vitanda vidogo, basi chumba hicho kionekane kwenye mkataba. Sheria inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara, na hata malipo yasiyo ya fedha. Omba iandikwe: muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, asihamishwe wodi kwa miaka miwili isipokuwa kwa dharura ya muda mfupi. Na nyumba iandikwe humo humo, kwamba ni sehemu ya malipo yako, haina pango, na maji na umeme analipa nani. Nyumba ya ahadi ya mdomo inaweza kupewa daktari mpya mwezi unaofuata.

Kama metroni atakataa kuandika wodi, mwanangu, usiende. Hili nalisema bila kuuma maneno. Kila kitu kingine kwenye barua hii kinaweza kujadiliwa.

Akikubali, mpigie tena umwulize habari za wodi. Usimwulize kama ni nzuri. Mwulize usiku mmoja nesi mmoja anakaa na watoto wangapi. Mwulize kama mashine ya oksijeni inafanya kazi leo, na umeme ukikatika jenereta inachukua muda gani kuwaka, maana mtoto wa kilo moja na robo hawezi kukusubiri umtafute fundi. Mwulize kama mama analala na mtoto wake ndani ya wodi, au anaitwa saa za kunyonyesha tu. Swali hili la mwisho litakuonyesha wodi ikoje kuliko picha watakazokutumia. Kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, kulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na mashine chache za joto kuliko watoto. Kwa miaka mingi tulifundishwa kusubiri mtoto atulie kwanza ndipo apewe mama. Kisha ukaja utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2021. Watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28. Waliosubirishwa kwanza walikufa asilimia 15.7. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri kuanza mara moja. Sasa fikiria Njombe mwezi wa saba, baridi ile inayoingia mpaka kwenye mifupa. Hospitali ya kule iliyoweka vitanda vya wazazi ndani ya wodi ya njiti ni hospitali inayojua inachokifanya, na hapo utajifunza. Ile inayowafungia wazazi nje itakuvunja moyo, hata ukiipenda kazi kiasi gani.

Kuna jambo la kuishi ndani ya uzio ambalo halimo kwenye barua yako, nalo lilinichosha mimi kuliko zamu zenyewe. Utaokoa nauli, ndiyo, lakini mlango wako utakuwa hatua chache kutoka wodini, na kila mtu atajua upo. Utagongewa saa nane usiku siku yako ya mapumziko, kwa sababu nesi wa zamu ameshindwa kupata mshipa wa mtoto. Utaamka, maana ni mtoto. Kesho yake utagongewa tena. Kawaida ya sheria ni saa 45 kwa wiki, saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na saa za kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Misheni nayo inabanwa na sheria hii, tena wengi wao wanaifuata vizuri wakikumbushwa kwa heshima. Ulizia mapema kama kuna orodha ya wa kuitwa, na kama kuitwa kunaandikwa kwenye daftari. Kama hakuna daftari, hakuna malipo.

Na mishahara inatoka tarehe ngapi? Hili usimwulize mhasibu. Tafuta namba ya nesi au mhudumu wa usafi anayefanya kazi pale sasa hivi, msalimie vizuri, mwulize kama mwezi uliopita walilipwa kwa wakati. Hospitali za misheni zinatofautiana sana hapa. Kuna zinazolipa tarehe 25 bila kukosa, na kuna ambazo mfadhili akiyumba watu wanakaa miezi miwili. Kwa mtu mwenye 550,000 za akiba na mama anayesubiri 100,000, mshahara mdogo unaokuja kwa wakati unabebeka. Unaochelewa haubebeki.

Mama yako sasa. Usimjibu kwenye simu ya haraka ukiwa kituoni Mbagala. Nenda Korogwe kama unaweza, kabla hujasaini, kwa sababu ukishakuwa Njombe safari ya kumwona itakuwa ya kupitia Iringa, Morogoro na Chalinze, na hutaifanya mara kwa mara. Alikusomesha na majirani wanajua kwamba binti yake ni nesi wa Dar. Maneno yao ndiyo anayoyaogopa, pamoja na ile 100,000. La majirani litapita. La 100,000 mwambie wazi: itaendelea kuja, na kama kwa miezi mitano ya mwanzo itabidi iwe 70,000, aisikie kutoka kwako leo kuliko kuiona imepungua kwenye simu bila maelezo. Na mweleze kazi yenyewe. Huenda hajawahi kukusikia ukisimulia kuhusu njiti. Amezaa, atakuelewa.

Wapo watakaokuambia kwamba kazi ni kazi, upende usipende, pesa ndiyo inayolisha. Siwadharau, wengi wao wamelea ukoo mzima kwa kuvumilia. Lakini umri wako ni 29, na miaka minne ya kuzungushwa kila kona haijakupa ujuzi wa kina mahali popote. Miaka miwili ya kweli katika wodi ya njiti itakupa mikono inayojua kuweka mrija wa kulishia kwa mtoto asiyeweza kunyonya na macho yanayoona mtoto anabadilika kabla mashine haijalia. Ukitaka kurudi Dar baadaye utarudi na kitu cha kuonyesha. Waombe pia wakuandikie kama wanalipia mafunzo, kwa kuwa leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga inahuishwa kwa kuonyesha kwamba unaendelea kujifunza.

Ndiyo, natamani uende. Nakuambia hivyo ili ujue ninapoegemea na upime maneno yangu ipasavyo.

Usiandike barua ya kuacha kazi kabla mkataba wa Njombe haujafika mkononi ukiwa na sahihi yao. Ukishaupata, mpe mwajiri wako wa sasa notisi ya siku 28, au muda mrefu zaidi kama mkataba wako unasema hivyo. Wiki mbili walizokupa ni za kujibu. Tarehe ya kuanza mnaweza kuipanga mbele, na ukiisogeza miezi miwili utakuwa umelipa marejesho mawili zaidi ukiwa bado na zamu zako za zahanati. Namba yako ya NSSF ni ile ile, wape hiyo, usifunguliwe nyingine.

Mchumba asiyesema ndiyo wala hapana mpe siku ya kujibu, kabla ya siku ile ya Njombe. Akinyamaza mpaka ipite, hilo nalo ni jibu lake, uliandike kwenye hesabu na kuendelea.