Sanduku la hazina la foamu: livishe ngozi kwanza, spreyi baadaye

Habari za jioni wakuu. Dada yetu ameuliza hivi: mwanawe ana sherehe ya Halloween shuleni tarehe 31 Oktoba, darasa lao limepangiwa kuwa maharamia, naye kajitolea kupeleka sanduku la hazina. Seremala kamtajia bei iliyomshinda. Sasa anataka kutumia ile foamu nyeupe iliyokuja na friji, na kopo la spreyi ya dhahabu ameshanunua. Aanzie wapi?

Dada yangu, anza kwa kulirudisha hilo kopo kabatini. Mimi napamba sherehe za watoto, kazi zangu nazifanyia uani kwangu huku Temeke, na sanduku langu la kwanza nililikata na kuliunga kwa siku mbili nzima. Jioni ya siku ya pili nikalipiga spreyi. Mwanzoni liling'aa likapendeza. Mara nikasikia mchakacho mdogo, kama chumvi inayodondoka kwenye karatasi. Punje za foamu zikawa zinanywea moja baada ya nyingine, kona ikalala, ukuta wa mbele ukatoboka kama sega la nyuki. Shughuli ilikuwa kesho yake. Mtoto aliyekuwa ameahidiwa sanduku akaletewa boksi lililobandikwa karatasi ya zawadi. Uso wake ule bado ninao.

Sababu yake ni hii. Foamu hiyo ni plastiki iitwayo polistireni iliyoumuliwa mpaka karibu yote ikawa hewa. Dawa ya kuyeyushia iliyomo kwenye spreyi, na vilevile thina, petroli, asetoni ya kutolea rangi ya kucha na gundi ya mafundi viatu, vyote vinaila plastiki hiyo. Hewa inatoka, unabaki na ute. Vitu vya maji haviidhuru: rangi ya maji ya ukutani, gundi nyeupe ya seremala, hata uji wa unga wa ngano. Kwa hiyo ichukulie foamu kama nyama tu. Sanduku lenyewe, lile ambalo watoto wataliona na kuligusa, ni ngozi utakayoivisha. Mtu akiniuliza muda aupeleke wapi, namwambia nusu nzima ya kazi aipeleke kwenye ngozi.

Kukata hakuna siri kubwa. Tumia kisu cha kusukuma wembe, na ncha ikianza kubutuka ivunje, maana wembe butu haukati, unang'oa punje. Usikate kwa mkupuo mmoja. Pitisha mara tatu au nne palepale. Paka wembe sabuni ya mche kidogo, utateleza vizuri. Tandika shuka lenye unyevu chini ili punje zinase, kisha zikusanye zote mfukoni. Zikipeperuka zinaishia kwenye mitaro, na mvua za vuli haziko mbali.

Vipimo ninavyovipenda ni urefu sentimita 60, upana 40, kimo 30 bila kifuniko. Linaingia kwenye bajaji, na watoto wawili wanalibeba bila kugombana. Unga kuta kwa gundi nyeupe na vijiti vya mishikaki uvichomeke kwenye kona kama misumari. Gundi hii ikiwa katikati ya foamu mbili hukauka polepole kwa kuwa hewa haifiki, kwa hiyo lifunge kwa mpira wa tairi la baiskeli na uliache mpaka kesho.

Kifuniko cha mgongo ndicho kinachowatisha wengi, wanajaribu kukunja foamu na inakatika. Usiikunje. Chora vichwa viwili vya tao, kila kimoja upana 40 na kimo 12 katikati. Ili tao likae sawa, funga penseli kwenye uzi wa sentimita 22.7 na uzungushe. Mzingo wa juu utakuja karibu sentimita 49, yaani mbao saba za foamu zenye upana wa 7 kila moja na urefu wa 60. Kila ukingo wa mbao uulaze kidogo, nyuzi 9 hivi, ili zikikaa pamoja zisiache pengo. Zipange kuanzia pembeni kuja katikati. Mianya midogo isikusumbue, ngozi itaifunika, na ikionekana kidogo ndiyo inafanana na mbao halisi.

Sasa ngozi. Chukua shuka kuukuu la pamba, lichane vipande vya upana wa viganja viwili, uvichovye kwenye gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, gundi mbili kwa maji moja. Bandika ukikunjia kwenye kingo zote, nje, ndani na chini. Pale chini ndipo watu wanapopasahau. Lianike kivulini penye feni. Hewa ya Dar mwezi wa kumi ni nzito, na ukibonyeza kitambaa ukasikia ubaridi ujue ndani bado kuna maji. Usilipeleke juani juu ya mabati ya moto, foamu inaweza kujipinda.

Tabaka la pili ndilo ninalolipenda kuliko kazi yote. Nenda Keko kwa mafundi samani, omba unga wa mbao, ule laini unaodondoka chini ya msumeno. Mimi sijawahi kutozwa hela, sanasana waliniambia nije na mfuko wangu. Uchekeche, uchanganye na gundi nyeupe na maji kidogo mpaka uwe kama ugali laini. Paka unene wa milimita mbili au tatu, ukuta mmoja kwa wakati. Subiri ushike kidogo, halafu pitisha kitana cha meno mapana kufuata urefu wa mbao. Mkono usinyooke sana. Uache utetemeke, mistari ya mti haijawahi kunyooka. Ukitaka jicho la mbao, bonyeza kizibo cha soda, kisha mistari ya kitana izungushe kando yake kama maji yanavyozunguka jiwe. Migawanyo ya mbao ichimbe kwa mpini wa kijiko. Likikauka utapata nyufa ndogondogo hapa na pale. Ziache.

Rangi: rangi ya maji ya kahawia iliyokolea, izimue iwe kama chai, paka ukuta mzima na upanguse hapohapo kwa kitambaa. Giza litabaki kwenye mifereji, mgongo wa mbao utang'aa. Hapo ndipo mtu anapokuja kugonga kwa kidole kuhakikisha kama ni mbao au la.

Mikanda ya chuma ikate kwenye mikeka ya sponji ya kuchezea watoto, ile ya kuunganishwa kama fumbo, ipo tele Kariakoo. Upana sentimita 4 unatosha. Vichwa vya misumari nakata kwa bomba la antena ya redio mbovu: nanoa mdomo wake kwa msasa, nabonyeza na kuzungusha, kinatoka kiduara safi. Kuibandika mikanda unahitaji gundi ya fundi viatu, kwa hiyo kwanza kagua ngozi kwa jicho na kwa kidole. Popote penye weupe wa foamu paongezee kitambaa na gundi. Paka nyembamba pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, ndipo ubandike. Mikanda ipake nyeusi, halafu udonoe kwa sponji unga mwekundu wa kutilia rangi sakafu za saruji uliolowekwa kwenye gundi ya maji. Utapata kutu ambayo fundi chuma ataiamini. Baada ya yote hayo spreyi yako ya dhahabu inaweza kutoka kabatini kwa ajili ya kufuli na sarafu, ukipuliza nje, kwa mbali, nyembamba nyembamba.

Niseme na hili, maana linanigusa. Masanduku ya mabaharia wa kweli mengi yalikuwa na kifuniko bapa, kama makasha yetu ya Zanzibar yaliyopambwa kwa misumari ya shaba. Mgongo wa duara tumeuzoea kwenye picha, na kwa sherehe ya shule ubakishe, watoto wautambue wakiwa mlangoni. Ila kama bibi yenu ana kasha nyumbani, kaa nalo dakika kumi kabla hujapaka rangi. Angalia mahali mikono ilipolishika miaka yote, pameng'aa. Angalia shaba ilivyoota ukijani pembeni ya misumari. Hayo ndiyo ya kuiga. Na mwanao akikuuliza kama maharamia ni hadithi za mbali, mwambie kuna William Kidd, nahodha aliyenyongwa London mwaka 1701, ambaye mwaka 1697 alikuwa huku kwetu Komoro na meli yake. Sehemu ya mali yake kweli ilifukiwa, kwenye Kisiwa cha Gardiners kule New York, ikachimbuliwa na wakuu wa serikali.

Hazina yenyewe isikumalizie hela. Vizibo vya soda ukivigonga kwa nyundo mpaka vilale, vinakuwa sarafu zenye kingo zisizolingana, kama zilizopigwa kwa mkono. Weka sakafu ya uongo ya foamu sentimita nane chini ya mdomo, nayo uivishe, vizibo mia mbili vitaonekana kama sanduku zima limejaa. Chini ya sakafu hiyo weka mfuko wa mchanga wa kilo tatu. Foamu tupu inapeperushwa na upepo, na mtoto akiibeba inaonekana ni nyepesi. Mchanga unamfanya ainame kweli.

Bawaba za chuma zinachanika kwenye foamu. Tumia ukanda wa turubai au kaki uliobandikwa urefu wote wa nyuma, na kamba ndani ya kuzuia kifuniko kisilale mgongoni.

Mishumaa isikaribie, dada. Halloween inaendana na taa za ndani ya maboga, na foamu hii inashika moto haraka, inadondosha matone yanayowaka, moshi wake mweusi ni sumu. Nunua taa ndogo za betri, nyuzi mbili za njano zikilala kati ya vizibo zinatosha. Waambie na walimu mapema, wapange meza wakijua.

Una wiki tatu kasoro, muda unatosha ukianza Jumamosi hii. Siku ya kulipeleka, funga kifuniko kwa khanga, siyo kwa selotepu, maana selotepu ikibanduliwa inaondoka na rangi. Na kwenye bajaji lipakate mwenyewe.